Naama Mwamoni alikosa nini? Maswali yenu kuhusu wake na mama wa wafalme

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa kwanza kaleta mchumba, binti ana adabu zake ila siyo wa kabila letu, sasa kwenye kikao cha ukoo shangazi yake akafungua Biblia 1 Wafalme 14 akasoma kwamba mama yake Rehoboamu alikuwa Mwamoni, akasema ndo maana ufalme ulimfia mkononi. Watu kimya. Mimi mwenyewe sikuwa na la kujibu. Kweli huyo mama ndo aliharibu? – Mama Mkwe Mtarajiwa, Mwanza

JIBU: Marahaba mama, na hongera kwa mkwe. Shangazi alifunga Biblia mapema. Huyo mama anaitwa Naama, mke wa mfalme Sulemani na mama wa Rehoboamu aliyemrithi, mzaliwa wa Waamoni, taifa jirani la Israeli, anatajwa mara 2 kwenye sura hiyo hiyo, mstari wa 21 na wa 31, kwa maneno karibu yale yale, kwamba mama yake mfalme aliitwa Naama Mwamoni, basi, haongei neno hata moja na hamshauri mtu.

Ufalme ulivunjika sura ya 12 kule Shekemu na Naama hayupo pale kabisa. Watu walikuja kuomba kitu kimoja, kwamba baba yako alitubebesha mzigo mzito, tupunguzie tukutumikie. Rehoboamu akaomba siku 3. Wazee waliomtumikia baba yake wakamwambia waongee vizuri, akawaacha akaenda kwa vijana aliokua nao, wakampa yale majibu ya kidole chake cha mwisho kuwa kinene kuliko kiuno cha baba yake, na kwamba baba aliwapiga mijeledi yeye atawapiga kwa nge. Akawajibu watu hivyo hivyo, makabila ya kaskazini yakajitenga, yeye akabaki na Yuda. Na hao "vijana" usiwaonee huruma, Rehoboamu alianza kutawala ana miaka 41, kwahiyo wenzake aliokua nao walikuwa watu wazima na vitambi vyao.

Sasa hiyo 41 ndo inanifurahisha mimi. Sulemani alitawala miaka 40. Piga hesabu, maana yake Naama alishajifungua kabla mumewe hajakalia kiti, mzee Daudi bado yuko hai, yaani kwenye ile nyumba iliyokuja kujaa wake 700 na masuria 300 yeye alitangulia hata kabla ya binti Farao aliyekuja na mji mzima wa Gezeri kama zawadi ya baba yake. Mimi hapo naona mkono wa Daudi. Nahashi mfalme wa Waamoni alishawahi kumtendea wema, na tafsiri ya kale ya Kigiriki inaongeza kwamba Naama alikuwa mjukuu wa huyo Nahashi. Ndoa za wafalme ndo zilikuwa diplomasia yenyewe, unaoa mpakani ili mpakani kutulie.

Shangazi atakurukia na Kumbukumbu 23, kwamba Mwamoni na Mmoabi wasiingie kwenye mkutano wa Bwana hata kizazi cha kumi. Ipo, siifichi. Ila marabi wa Talmud, yaani walimu wa sheria wa Kiyahudi wa kale, waliisoma hiyo sheria wakasema inahusu wanaume tu, maana sababu iliyotolewa ni kwamba hawakuwapokea Waisraeli njiani kwa chakula na maji, na kutoka barabarani kupokea wasafiri ilikuwa kazi ya wanaume. Walilazimika kusoma hivyo, maana bibi mzaa babu yake Daudi ni Ruthu Mmoabi, ukimtoa Ruthu umemtoa na Daudi. Na cha kuchekesha, Daudi alipomkimbia mwanawe Absalomu akafika Mahanaimu na njaa yake, mmoja wa waliomletea magodoro, ngano, maharagwe, asali na jibini alikuwa Shobi mwana wa Nahashi, Mwamoni kabisa.

Shangazi ana haki sehemu moja tu. Sura ya 11 inasema wake wa kigeni walimgeuza Sulemani moyo uzeeni na akawajengea miungu yao, wa Waamoni akiwemo, mlimani mbele ya Yerusalemu. Lakini anayelaumiwa pale kwa jina ni Sulemani.

SWALI: Kwanini wafalme wa Yuda wanatajwa na mama zao badala ya wake zao? – Msomaji, Kigamboni

JIBU: Wake wengi, mama mmoja. Na mama wa mfalme kilikuwa cheo, kwa Kiebrania gebira. Mwangalie Bathsheba, mama yake Sulemani: 1 Wafalme 1 anaingia kwa mumewe Daudi anainama mpaka chini, sura inayofuata anaingia kwa mwanawe, mfalme ndo anasimama, anamwinamia, anamwekea kiti mkono wa kuume. (Ombi lake lenyewe, alilomwombea Adoniya, kaka wa mfalme, lilikataliwa, naye Adoniya akauawa siku hiyo hiyo, heshima ni kitu kimoja na kusikilizwa ni kingine.) Cheo kilikuwa kinavuliwa pia, mfalme Asa wa Yuda alimvua Maaka kwa sababu ya sanamu ya mungu mke Ashera. Mfalme Yekonia wa Yuda alipojisalimisha kwa Wababeli mwaka 597 KK alitoka pamoja na mama yake, Nehushta, wakahamishwa wote. Wasiotajiwa mama huko Yuda ni wawili tu, Yehoramu na Ahazi.

SWALI: Athalia ni mtoto wa Yezebeli? – Msomaji, Iringa

JIBU: Ni binti Ahabu, mfalme wa Israeli ya kaskazini, mama yake hatajwi. Yezebeli alikuwa mke wa Ahabu, binti Ethbaali mfalme wa Wasidoni, watu wakaunganisha wenyewe. Athalia aliolewa Yuda, mwanawe mfalme Ahazia alipouawa akaanza kuua uzao wote wa kifalme, wajukuu zake wa damu, akatawala miaka 6. Alimkosa mmoja, Yoashi, mtoto mchanga, aliyeibwa na kufichwa chumba cha kulala pamoja na mlezi wake, halafu akakaa kwa siri hekaluni mpaka alipotawazwa ana miaka 7. Aliyemwiba ni Yehosheba, dada yake Ahazia. Kwahiyo Mama wa Mwanza, huyo mtoto aliokolewa na shangazi, mwambie na huyo wenu.