Meza imefanya weupe, kasha linanata: fundi anajibu

SUALI: Assalamu alaykum fundi. Mie niko Wete, nimetengeneza meza ya mvule, juzi asubuhi mvua ilivokata nkaipiga vanishi ya kupulizia, inang'ara kweli, nkaingia ndani kunywa chai. Kutoka naikuta imefanya ukungu mweupe kama mtu kaimwagia unga. Bi harusi anaingia nyumbani Ijumaa, nipige mkono mwengine juu yake au vipi?

JAWABU: Waalaykum salaam. Usipige yakhe, utaufungia weupe ndani. Hayo ni maji, si mbao wala si vanishi mbovu, na wapo watakaokwambia meza imepigwa jicho, we waitikie tu. Tia tone la tina, ile inayochanganywa kwenye vanishi kuifanya nyepesi, nyuma ya kiganja usikie baridi yake. Tina inaruka upesi na ikiruka inaondoka na joto, sasa uso wa meza nao unapoa hivo hivo, na hewa ya masika imejaa mvuke, ukikuta pahala pabaridi unageuka maji yakanasa ndani ya vanishi haijakauka bado, ndo weupe wako huo. Gilasi ya maji ya barafu si unaiona inavotoka jasho barazani?

Ngoja siku kavu, saa tano mpaka saa tisa hivi, meza iwe kivulini. Kanunue tina ile inayokauka taratibu, na umwambie muuzaji hasa maana ukisema tina tu atakupa ya kawaida, pulizia kwa mbali kidogo sana, uso urowe tu. Vanishi italainika, maji yapate kutoka. Weupe usipoondoka basi ushaingia chini, piga msasa namba 320 mpaka upotee uanze upya, mikono myembamba.

Ukiona vidoa vidoa badala ya ukungu, hiyo kesi nyengine, maji yanatoka kwenye kompresa, ile pampu ya hewa ya kupulizia, fungua koki yake ya chini uone yanavomwagika. Mie yangu naimwaga kila asubuhi.

Na Ijumaa kama mvua haijakata tandika kitambaa, bi harusi haji kukagua vanishi.

SUALI: Fundi, kasha langu la msaji nimelipaka vanishi ya mafuta kwa brashi, leo siku ya tisa kifuniko bado kinanata. Niko Mkunazini.

JAWABU: Msaji una mafuta yake na ndo yanayoizuia vanishi kukauka. Itoe yote, kisha futa mbao kwa kitambaa cheupe chenye tina, ukibadilisha kitambaa kila kikichafuka, mpaka kitoke hakina rangi ya kahawia, halafu paka hapo hapo, usingoje kesho mafuta yatapanda tena. Mkono wa kwanza uwe mwepesi mno. Ndani ya kasha usipake kitu kabisa, vanishi hii inakauka kwa hewa na mle hewa hamna, kanzu zako zitanuka mpaka Idi.