Kurudisha Lee-Enfield iliyochezewa

Pole ndugu. Umeeleza kuwa Lee-Enfield yako ya urithi, bunduki ya zamani ya jeshi la Uingereza, imekatwa mbao ya mbele, kitako kimepakwa vanishi, na juu pametobolewa mashimo mawili ya darubini: inauma, lakini mengi yanarekebishika.

Kwanza hakikisha haina risasi, kisha linganisha namba ya komeo (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) na ya mwili wa bunduki. Zikitofautiana, usiifyatue kabisa mpaka fundi wa silaha mwenye leseni aipime nafasi kati ya komeo na kitako cha risasi. Kwenye No. 4, mojawapo ya matoleo ya Lee-Enfield, vichwa vya komeo vilitengenezwa kwa saizi 0 hadi 3, kwa hiyo huenda tiba ikawa kubadilisha kichwa tu.

Mashimo ndiyo yanayonitia wasiwasi. Mtu akikwambia ayazibe kwa kuchomelea, kataa. Joto hulegeza ugumu wa chuma kinachobeba mshindo wote. Skrubu fupi za kuziba zinatosha.

Vanishi itoe kwa dawa ya kuondolea rangi, usipige msasa, utafuta mihuri ya kiwandani. Kisha paka mafuta ya kitani, tabaka jembamba jembamba. Mbao ya mbele tafuta ya zamani. Inahitaji kukaa sawasawa, la sivyo shabaha itayumba.