Jina limepita BRELA, je, ni lako?

*Nataka kufungua kampuni ya kukoboa na kufungasha mchele hapa Mbeya. Jina nimelitafuta Instagram na Facebook, sijaliona. Niendelee?*

Bado, dada. Huko unaona anayejitangaza, huoni aliyesajili. Ingia kwenye ORS, mfumo wa usajili kwa mtandao wa BRELA, wakala wa Serikali unaosajili biashara, ulitafute kwenye makampuni, kisha majina ya biashara, kisha alama za biashara na huduma, yaani chapa. Hayo ni madaftari matatu, na wengi huishia la kwanza. Jaribu tahajia zote, liandike likiwa na nafasi katikati na bila nafasi, kwa sababu jina hukataliwa hata kwa kufanana tu. Kubandika "Tanzania" au "Group" kwenye jina la mwenzio hakulifanyi kuwa jipya. Nenda na majina mawili matatu mkononi, usifie kwenye moja. Anwani ya tovuti ya .co.tz ichukue mapema, maana BRELA haikutunzii hiyo.

*Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kinataka kuwa kampuni. Tunaweza kujiita benki?*

Hapana. Neno hilo halitumiki bila idhini ya Benki Kuu. Chagueni jingine.

*Kampuni yangu ilisajiliwa mwaka jana na cheti ninacho. Natengeneza sabuni Morogoro. Sasa kuna mtu amenipigia simu, anasema jina ni alama yake na niache kulitumia. Inawezekanaje wakati Serikali ndiyo iliyonipa?*

Pole sana, kaka. Swali hili hunifikia mara nyingi, na kila mara mwenye kuuliza ameshachapisha vifungashio.

Cheti cha kampuni kinathibitisha kwamba kampuni ipo na inaitwa hivyo. Hakikupi haki ya kulimiliki jina sokoni kama chapa ya bidhaa. Haki hiyo inatokana na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma, ambayo ina maombi yake na ada yake. Jengo ni lile lile la BRELA, ndiyo maana watu wanachanganya.

Kwa hiyo usibishane naye kwenye simu. Mwombe namba ya usajili wa alama, kisha uihakiki mwenyewe. Angalia tarehe, na zaidi ya yote angalia daraja. Bidhaa na huduma zimegawanywa katika madaraja 45: sabuni zipo la 3, unga na mchele la 30, migahawa la 43. Ikiwa yeye ana mgahawa na wewe una sabuni, huenda mkaishi wote. Ikiwa naye amesajili daraja la 3, simamisha uchapaji leo na umwone wakili. Kampuni inaweza kubadili jina kwa azimio maalumu la wanahisa. Mikataba na madeni yake hubaki vile vile. Inauma, lakini ni nafuu kuliko kesi.

Na kama hana usajili wowote, peleka maombi yako wewe. Alama ikikubaliwa hutangazwa, na watu hupewa siku 60 za kupinga. Ikipita, ulinzi wa kwanza ni miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara.

*Je, naweza kusajili "Asali Safi" kama alama?*

Kwa maneno hayo matupu, ni vigumu sana. Yanaeleza bidhaa, na kila mrina asali ana haki ya kuyasema. Tafuta neno lisiloisifu wala kuitaja asali. Mimi hupenda maneno ya kubuni, hayo hulindika.

*Tunauza viungo Dar es Salaam. Tunataka kwenda Unguja, baadaye Mombasa. Cheti chetu cha alama kinatosha?*

Hakitoshi hata kuvuka bahari kwenda Unguja. Kinaishia Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya 2008 na wakala wake, BPRA, na nimeona wafanyabiashara makini wakijikwaa hapo kwa kudhani nchi ni moja basi na daftari ni moja. Kwa Mombasa mtaomba KIPI, ofisi ya Kenya inayosajili alama, iliyopo Nairobi. Kama maombi yenu ya kwanza hayajatimiza miezi 6, dai tarehe ile ile Kenya: nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa Paris wa kulinda mali za viwandani, nao unaruhusu hivyo. Miezi hiyo ikipita, mtapanga foleni kama wengine.