Nilivyoacha kujiita mbumbumbu wa hesabu

Siku walipotaka kunipa uweka hazina wa kikoba chetu nilikataa mara mbili. "Jamani, mimi hesabu sina." Wakacheka, wakadhani nadengua. Wala sikuwa nadengua. Darasa la sita mwalimu alinisimamisha ubaoni, akaniuliza saba mara nane, nikakauka. Darasa zima likaangua kicheko, nami nikatoka pale na cheo nilichokibeba zaidi ya miaka ishirini. Kidato cha nne somo hilo nikalifeli, na kwa kuwa hapa kwetu Tanzania wanaolifeli ni wengi kuliko wanaolifaulu, hakuna hata aliyeniuliza imekuwaje.

Basi kikao cha kwanza kikafika. Sanduku limefunguliwa, kufuli zote tatu, wanachama 25 wamekaa mkekani. Mama mmoja ana hisa 37, hisa moja ni shilingi 5,000, anataka mkopo, na katiba yetu inaruhusu mara tatu ya hisa zako. Nikafika 185,000 vizuri tu. Mara tatu yake ndiyo ikanishinda. Namba sikuziona tena, naona nyuso. Nawaza: yule pale ameshajua. Nikavuta simu nipige kwa kikokotoo, kidole kikaongeza sifuri moja, nikasoma kwa sauti: milioni tano, laki tano na nusu elfu... Hata kuisoma nilishindwa. Katibu akaniokoa: "Laki tano na hamsini na tano elfu, dada."

Sasa nikwambie asubuhi ya siku hiyohiyo nilifanya nini. Mimi ni fundi cherehani. Alikuja bibi harusi mtarajiwa na wasimamizi tisa, kila mmoja gauni lake linakula yadi tatu na nusu. Vitenge tunanunua vya yadi sita sita. Nikamwambia alete sita, kwa sababu vitano vingepelea, na yadi nne na nusu zitakazobaki nitamkatia kila mmoja nusu yadi ya kilemba. Vilemba tisa, hakibaki hata kipande. Yote hayo nimeyasema pini zikiwa mdomoni.

Kichwa ni hichohicho, siku ni hiyohiyo. Jambo hilo lilinisumbua wiki nzima.

Baadaye nilikutana na habari za utafiti uliofanyika Recife, Brazil, na kuchapishwa 1985. Watafiti waliwaendea watoto watano waliokuwa wakichuuza mtaani, wakajifanya wateja. Mmoja ana miaka 12, nazi moja anauza 35. Akaulizwa kumi ni bei gani. Akaanza: tatu ni 105, tatu tena 210, akaendelea hadi 315, akaongeza moja, 350. Kwenye biashara watoto wale walipatia maswali 98 katika kila 100. Walipoletewa hesabu za namna ileile tupu, za kishule, wakapatia kama 37. Niliisoma mara mbili, nikamkumbuka yule mama wa hisa 37.

Ninavyoelewa mimi ni hivi. Akili ina sehemu ndogo ya kushikia mambo ya papo kwa papo, na haipanuki kwa kuombewa. Ni kama meza yangu ya kukatia. Ukirundika juu yake mabegi, chai na magauni ya wateja, kitambaa utakikatia wapi? Ukiwa umeshajiita mbumbumbu, kila hesabu inakuja na mzigo wake: unapiga hesabu huku unajichungulia kama unaweza kupiga hesabu. Hizo ni kazi mbili, na meza ni moja.

Ndiyo maana ushauri wa "jiamini" haukunifaa. Nilijaribu kweli, mbele ya kioo: "Mimi ni hodari, mimi ni hodari." Nikafika kikaoni bado najitazama, ila safari hii nimejipodoa.

Kilichonisaidia ni kuyaondoa macho kwangu. Mtu akija kuomba mkopo, namgeukia yeye na kuhesabu kwa sauti, kama ninavyomhesabia mteja. Kwa zile 185,000 ningesema: laki mara tatu, laki tatu, themanini mara tatu, laki mbili na arobaini, tano mara tatu, kumi na tano. Naongea taratibu, naye anafuata kwa vidole. Muda huo nipo ndani ya pesa yake, sina nafasi ya kukumbuka ubao wa darasa la sita.

Jambo la pili ninalolifanya, kabla ya kikao naandika mistari mitatu nyuma ya daftari: naogopa nini leo. Watafiti wa Chicago waliwahi kutangaza, mwaka 2011, kwamba wanafunzi walioandika hofu zao dakika kumi kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi. Wengine walipolirudia jaribio hilo hawakuyaona matokeo hayo, kwa hiyo usiseme nimekupa dawa. Mimi naandika kwa sababu hofu ikishakaa kwenye karatasi hainipigi hodi kila dakika. Na kama jedwali la kuzidisha hulijui kabisa, kaa chini ulijifunze. Hapo tatizo si unavyojiona.

Kuna kosa moja naona haya kulisema. Binti yangu yuko darasa la pili, na alipokuwa akikwama nilikuwa namwambia, "Pole mwanangu, umerithi kwangu." Kumbe utafiti mmoja wa Marekani wa 2015 ulionyesha kuwa watoto wa umri wake ambao wazazi wao wanaogopa hesabu, na bado wanawasaidia kazi za nyumbani mara kwa mara, walijifunza hesabu kidogo zaidi mwaka huo. Siku hizi nimefunga mdomo. Nampa futi, anapima kiuno cha mteja, ananisomea namba, naandika.

Jumamosi iliyopita sanduku lilipungua elfu mbili. Zamani ningelia. Nikasema, "Nimekosea mahali, tuhesabu upya." Tukahesabu, tukaikuta imenata kwenye noti nyingine. Katibu akaendelea na faini za waliochelewa, na jina la kwanza kusomwa likawa langu.