Kadi Haijafa, Inua Benchi

SWALI: Shikamoo fundi. Nina stationeri hapa Tanga. Kompyuta ya Ubuntu ndiyo ghala la mafaili ya wateja, na laptopu mbili zinahifadhi humo. Asubuhi shwari, mchana wateja wakijaa, kuhifadhi faili la kurasa kumi ni dakika nzima. Nimeandika ip -s -s link, nikaona enp3s0, yaani kadi ya mtandao, ina errors 48,211, karibu zote crc. Dropped, yaani zilizoachwa, ni 300 hivi. Waya unatoka kwenye swichi ya mtandao, unapita chini ya benchi la wateja hadi kaunta. Jirani anasema kadi imekufa. Ninunue nyingine?

JIBU: Marahaba. Hela ya kadi iache mfukoni kwanza.

Hizo 300 za dropped zisikunyime usingizi. Kesi iko kwenye crc. Kila fremu, yaani kifurushi cha data, husafiri na baiti nne mkiani za kujihakiki, ndizo crc. Kadi hupiga hesabu upya. Isipolingana huitupa fremu, na aliyetuma inabidi arudie. Kadi yako inalalamika kwamba mzigo umefika umevunjika, nawe unataka kuifukuza kazi!

Idadi hiyo hujilimbikiza tangu mashine iwashwe, kwa hiyo 48,211 peke yake haisemi mengi. Isome asubuhi benchi likiwa tupu, ngoja dakika tano, isome tena. Fanya vivyo hivyo mchana. Ikipanda wateja wakikaa tu, inua benchi.

Kisha andika sudo ethtool enp3s0. Spidi ya 1000Mb/s hutaka jozi zote nne za nyuzi. 100Mb/s hutosheka na mbili. Ukikuta 100 ilhali kadi na swichi ni za 1000, shuku jozi iliyokatika. Duplex ikisoma Half, yaani kutuma na kupokea kwa zamu, huenda upande mmoja ulifungwa kwa mkono. Rudisha autoneg, yaani kadi na swichi zipatane zenyewe, pande zote mbili.

Niliwahi kubadilisha kadi mbili kwenye ofisi ya mtu, na hela nikala, kabla sijasogeza meza nikakuta mguu wake umeuponda waya. Mpaka leo nikikutana naye najifanya naongea na simu.

Vuta waya mpya mzima, usiunge kwa solotepu. Upitishe ukutani, mbali na umeme wa mashine ya fotokopi. Tazama na plagi: upepo wa bahari hapo kwenu hula shaba, zikiota ukijani kata ubane mpya. Crc ikizidi kupanda hata kwa waya mpya na tundu jingine la swichi, basi mwite jirani mkanunue kadi.