Meno ya kahawia, waya na dawa ya kung'arisha: muulize daktari kabla hujalipa

Sisi tuliokulia Maji ya Chai na Usa River hatuna haja ya kutaja kwetu. Ukicheka tu, watu wanajua. Madoa yale ya kahawia yanatokana na madini ya floraidi yaliyojaa kwenye mito na visima vya upande huu wa mlima Meru. Floraidi huingia wakati jino linajengeka ndani ya taya, kabla halijaota, kwa hiyo hata usugue asubuhi na jioni madoa hayatoki. Ndimu na mkaa ndio kabisa, vinakula ganda la jino na doa linabaki palepale.

Kliniki ya kwanza niliyoingia Arusha mjini, nilitajiwa bei ya kung'arisha nikiwa bado nimesimama mapokezi. Niliaga. Nilikokwenda baadaye, daktari mama wa makamo alianza na maswali: umezaliwa wapi, mlikunywa maji ya wapi, nyumbani mnapikia magadi? (Magadi nayo yana floraidi, na makande bila magadi kwetu ni ugomvi.) Kisha akalikausha jino la mbele kwa upepo wa mashine na kunipa kioo. Jino likikauka, mabaka meupe uliyokuwa huyaoni yanajitokeza yote.

Hapo ndipo nilipoelewa. Dawa ya kung'arisha, ambayo ni peroksaidi, inafaa zaidi meno yaliyopata umanjano kwa umri, chai au sigara. Kwa meno yetu, siku za mwanzo mabaka meupe yanaweza kuonekana zaidi, na kahawia iliyozama huwa haiishi. Daktari anaweza kulikwangua ganda la juu kidogo sana kwa dawa maalumu, au kuliziba doa kwa dawa nyeupe ya kuzibia, ya rangi ya jino. Mimi nilifanyiwa vyote, meno ya mbele tu, na yanatosha.

Kama unataka kung'arisha na kuziba pia, anza kung'arisha, kisha subiri kama wiki mbili. Sehemu iliyozibwa haibadiliki rangi kwa dawa ya kung'arisha, na gundi ya kuzibia haishiki vizuri jino likiwa limetoka tu kwenye peroksaidi. Baada ya kung'arisha, meno kuuma kidogo kwa siku chache ukinywa maji baridi ni kawaida. Fizi kuungua si kawaida, kwa hiyo dawa za kung'arisha za saluni mimi siziamini. Wengi pia wanachanganya kusafisha na kung'arisha. Kusafisha ni kutoa ugaga, na hiyo ndiyo ya kuanza nayo, tena ni nafuu.

Kumjua daktari si kazi. Baraza la Madaktari Tanganyika lina rejista ya madaktari wa meno, na kumuuliza mtu namba yake ya usajili si utovu wa adabu. Ila uliza pia kama kupanga meno amekusomea, maana ni ubingwa wa peke yake.

Waya wa kupanga meno ni ndoa ndefu. Mara nyingi ni mwaka na nusu hadi miwili, na kila baada ya wiki kadhaa unarudi kukazwa, kwa hiyo kliniki iliyo karibu ina thamani kuliko yenye sofa nzuri. Kabla ya kutoa malipo ya awali, uliza kama bei imeingiza picha za eksirei, vibao (vile vinavyogundishwa kwenye jino kushika waya) vikibanduka, na retena ya kuvaa baada ya waya kutolewa, maana bila retena meno hurudi yalikotoka. Swali la vibao kwetu ni zito zaidi: kwenye jino lililoathirika sana na floraidi, gundi hushika kwa shida.

Wenye watoto wadogo, kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Kituo cha Ngurdoto, cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji, kimefanyia kazi miaka mingi uchujaji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Nyumbani kwangu maji ya watoto ya kunywa na kupikia yanapita kwenye chujio la mkaa huo, hasa kabla hawajafika miaka 8, na makande siku hizi tunayaloweka usiku kucha badala ya kutia magadi.