Wakili wa wosia si lazima awe wa kanisani kwenu

Wiki hii mmeuliza iwapo mtu anayetaka kuandika wosia atafute wakili mwenye imani na misimamo kama yake. Nimelisoma swali hilo hapa Mafinga nikiwa mtoto wa mzee aliyeacha mipaini, mashamba ya mahindi na mabinti wengi kuliko wavulana, na jibu langu la kwanza ni hapana. Huku kwetu tumezoea kuuliza "ni wa kwetu?" kabla ya kuuliza "anaijua kazi?", na wanaoumizwa na mazoea hayo ni wajane, pale ukoo unapokaa kikao cha mirathi na kupeleka muhtasari Mahakama ya Mwanzo bila wao kusikilizwa.

Baba alianza kwa wakili tuliyesali naye, mtu mpole na mwenye kuheshimika. Alimsikiliza, akaitikia kila neno, akaandika kwamba mashamba yote ni ya watoto wa kiume, kwa kuwa mabinti wameolewa na mama atatunzwa na wanawe. Hakuuliza chochote, maana hata kwao mambo huenda hivyo. Rasimu ile haikuwahi kusainiwa, na baba alipokwenda Iringa kutibiwa macho, dada yangu alimshawishi aionyeshe kwa wakili mwingine, dada wa Kiislamu aliyetoka Tanga, mwenye umri wa kuwa binti yake wa mwisho.

Nilikuwepo. Aliisoma rasimu kwa sauti, polepole, na alipofika kwenye mipaini akaweka kalamu mezani.

"Mzee, anayepewa shamba amepewa na miti iliyomo, au miti ni ya kusomesha wale wadogo?"

Baba hakuwa na jibu. Wakili akauliza tena iwapo mama, ambaye ndiye aliyeipanda miti hiyo kwa mikono yake, anajua kilichoandikwa. Kisha akamweleza kwamba kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa mwaka 1963 hazimpi mjane fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo, bali zinawaachia watoto wamtunze. Kwa hiyo, kama anataka mama abaki na nyumba na shamba lake, ni lazima aseme mwenyewe kwa maandishi, angali hai. Na kwa kuwa mzee anajua kusoma, kanuni hizo zinataka mashahidi wasiopungua wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mwingine asiye wa ukoo.

Baba alikasirika. "Binti, wewe si wa huku. Mila zetu huzijui."

"Ndiyo maana nauliza, mzee wangu."

Baba aliomba maji, akanywa glasi nzima, kisha akaanza kuwataja binti zake mmoja mmoja, na kila jina akalifungamanisha na kipande cha ardhi ambacho binti huyo alikuwa akipalilia kabla ya kuolewa. Yule dada aliandika bila kumkatiza, na wosia uliosainiwa baadaye ulikuwa huo.

Nikifika hapa, hapana yangu haisimami vizuri. Baba alitulea akitukataza kugusa mali ya yatima, na wakili wa Tanga alikuwa na hofu hiyo hiyo ya dhuluma, ilhali yule wa kanisani alifanana na baba katika mazoea ya ukoo tu. Basi nasema ndiyo, mtafuteni mwenye msimamo kama wenu, ila mumpime kwa anachouliza juu ya mke na watoto wa kike kabla hajataja malipo yake.

Hata hivyo, sisemi kwamba dini haina nafasi. Familia ya Kiislamu inayotaka mirathi igawanywe kwa sheria ya dini inahitaji mtu anayejua kwamba wosia hauvuki theluthi moja ya mali, na kwamba mrithi haachiwi mali kwa wosia bila ridhaa ya warithi wenzake. Wala sidai kwamba kila mgeni ni mwadilifu kuliko ndugu. Na asiyemudu wakili asikae bure akingoja: RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, huandika wosia na kuuhifadhi, na katika wilaya zetu wapo wasaidizi wa kisheria wanaoweza kumwelekeza pa kuanzia.